Firigisi na Picha ya Tumbo Langu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Jana Kinole, ukweni. Firigisi kapewa tena Luqmani, mwanyumba wangu. Mimi nimeoa mkubwa, Maimuna, yeye kaoa mdogo mtu, na firigisi anakula yeye! Yote sababu ya eksirei ya mguu aliovunja kwa bodaboda. Kaibandika dirishani, mwanga unapita, kila anayeingia anampa pole na kiti. Mimi nikabebeshwa mikungu ya ndizi. Imeniuma sana. Kesho hospitali, nikatafute picha kubwa kuliko yake.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia daktari mwili mzima unauma, anipige kipimo chenye mionzi mingi kuliko vyote. Kamwita Editha, mtaalamu wa mionzi, aje anicheke. Editha kaeleza kwa upole. Eksirei ni ya mifupa na kifua, mionzi yake kidogo. CT-Scan ni mionzi ileile ila mingi zaidi, inakuona vipande vipande kama mkate wa slesi, mpaka damu iliyovujia kichwani. Hapigwi mtu kwa ajili ya kujionyesha. MRI haina mionzi, ni sumaku kubwa, nzuri kwa ubongo na uti wa mgongo, ila mwenye chuma mwilini aseme mapema. Nikauliza ipi inatoa picha kubwa. Akanirudisha kwa daktari.

Daktari kanibonyeza tumbo, upande wa kulia. Nikaruka, safari hii kweli. Kaandika ultrasound. Nikaidharau: mawimbi ya sauti tu, halafu napakwa ute wa baridi kama mjamzito. Lo, jiwe! Limo kwenye mfuko wa nyongo, ukubwa wa harage. Daktari kasema niache vyakula vya mafuta, nirudi kliniki. Nikaomba picha. Luqmani ana ufa, mimi nina jiwe.

Jumapili, 22 Juni

Ushindi. Mama mkwe kaitazama picha, kashika kichwa. Kasema mguu wa Luqmani ushapona, mwenye jiwe tumboni ndiye apewe kiti. Luqmani kahamia mkekani. Maimuna kaanza habari za mafuta, nikamwambia asiniaibishe kwao. Firigisi, ngozi ya kuku, mchuzi wa nazi: nimemaliza vyote.

Jumatatu, 23 Juni

Nimelazwa. Tumbo linawaka. Daktari kasema mfuko wa nyongo umevimba, watanipasua wautoe. Maimuna analia. Mimi nimeuliza jambo moja tu, kama jiwe nitapewa. Daktari kasema nikilitaka, watanitilia kwenye kichupa.

Nimemwagiza Maimuna ampigie mama yake simu. Atenge kuku aliyenona, nakuja na jiwe lenyewe.