Betri Nne na Simu za Mama

Jumatatu, 3 Machi 1986
Bosi ameniazima kompyuta ya kubeba! Wiki mbili nzima, ya kuhesabia mizigo ghalani. Ghala litasubiri. Jumapili Mama anatimiza miaka sabini, nami nitawasomea wageni kumbukumbu zake kutoka kwenye kioo cha mistari minane. Dada yangu, mwalimu, anataka kuziandika kwenye daftari. Maskini. Fundi wa ofisi alionya kwamba maneno yanaishi kwa betri nne ndogo; ukizitoa, yamekwenda. Niliitikia kwa kichwa, mawazo yangu yako kwa Dada.

Jumatano, 5 Machi
Mama kasimulia, nimechapa mpaka vidole vimekufa ganzi. Enzi zake za kuunganisha simu posta! Kila asubuhi kijana mmoja alipiga kuuliza ni saa ngapi. Marehemu Baba huyo. Fundi saa! Nimemkumbuka ghafla, na miwani yake ya jicho moja. Dada alichelewa, akakuta hadithi imekwisha. Mama alisema amechoka, harudii. Nikamwambia Dada asijali, yote yako salama kwangu. Alinuna. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi
Betri za redio zimekata roho dakika ya kumi ya mechi. Nikaazima zile nne, saizi ileile. Tumefungwa matatu. Nimezirudisha. Kioo kitupu! Nimeitikisa mashine. Nimeibembeleza. Wapi!

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nimeweka betri mpya, labda maneno yatarudi. Hayakurudi. Wageni wameketi, Dada akauliza nasubiri nini. Nikakiri. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaanza upya mwenyewe. Safari hii aliongeza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia.

“Nilikuwa namtajia saa ya uongo makusudi,” alisema, “ili apige tena kulalamika.”

Nimelia mbele ya majirani, sijali. Dada alifungua daftari. Nikamsihi aniachie mimi, nifute aibu yangu. Akakubali shingo upande. Nimechapa kila neno.

Jumatatu, 10 Machi
Nimegundua kosa. Zile betri zilikuwa kuukuu. Hizi za jana ni mpya, za bei. Jioni hii redioni zitapigwa nyimbo walizokuwa wakicheza Mama na Baba, betri za redio ya Mama zimekwisha, na duka limefungwa. Nampelekea hizi nne. Nyimbo tatu tu, kisha nazirudisha. Betri mpya hazisahau.