Mwanangu Asile kwa Bibi Marlene

Jumapili, 24 Novemba 2024

Nyamai amepiga simu kutoka Amerika. Mtoto wangu, wa kwanza Kathonzweni hii yote kusomea uhandisi huko. (Wa jirani yangu Mama Mbaluka yuko Uganda, lakini Uganda mtu anafika kwa basi.) Anasema Alhamisi ni sikukuu yao ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Chuo kinafungwa, na wanafunzi wageni wanagawiwa kwa wenyeji wakale nao. Yeye amepewa bibi mzee, Marlene. Anaishi peke yake na paka wawili. Mume alikufa.

Nimeuliza alikufa na nini. Nyamai hajui. Chai nimeirudisha jikoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Nilimlea huyu kijana kwa sheria moja: usile kwa watu. Akitoka kucheza, namnusa mdomo. Sasa nimempeleka ng'ambo nikasahau kumwambia sheria haiishii uwanja wa ndege.

Nimempigia. Aseme amefunga. Akasema, Mama, ni sikukuu ya kula. Basi amngoje bibi atangulie, halafu akate nyama upande ule ule. Akasema huyo ni susu tu, nyanya wa watu, mtu wa kanisa. Nikamwambia hata wachawi wa huku kwetu wako kwaya.

Jumanne, 26 Novemba

Akili imenijia nikipepeta ndengu. Watakula bata mzinga, ndege mkubwa kama mbuzi. Basi Nyamai aseme ukoo wetu hauli kitu chenye manyoya. Wazungu wanaheshimu mila za watu. Hakuna ndege, hakuna kula. Hakuna kula, hakuna kulishwa kitu. Nani mwingine angefikiria hivyo, na mimi niliachia darasa la saba?

Baba Nyamai aliuliza wale kuku ninaowamaliza kila Krismasi ni wa ukoo gani. Niliendelea kupepeta. Nyamai naye alikataa kudanganya mpaka nikataja presha yangu. Akakubali.

Jumatano, 27 Novemba

Mama Mbaluka alikuja kuazima chumvi. Nikamwambia kijana wangu kesho anakula na watu wakubwa wa Amerika. Akaniangalia hivi. Akauliza, si wewe ulimtoa Nyamai andazi mdomoni, pale kwangu, watu wakiona?

Nikacheka. Nikasema huko ni watu wa sayansi, hawana mambo hayo. Ili asione hofu nikamwalika aje kesho jioni tusherehekee na sisi, kwa sababu nyumba yenye mtoto Amerika inafuata sikukuu za Amerika. Nimefunga jogoo.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku mbaya. Tangu asubuhi naona mwanangu amelala chini, na paka wawili wanamtazama.

Jioni Mama Mbaluka alikuja na njaa ya wiki. Mimi nilishika paja la kuku tu, asiseme naogopa. Simu ikalia, ya video. Nikajua ni hospitali. Nikabonyeza.

Bibi Marlene mwenyewe. Nywele nyeupe, miwani, aproni. Nyamai pembeni, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Akanitafsiria: bibi anaomba radhi, nusura aukosee ukoo wetu. Bata amempa jirani. Amewapikia wageni wote maharagwe.

Ndipo bibi akaliona paja.

Nyuma yangu Mama Mbaluka alikuwa anavunja shingo ya jogoo kwa meno. Nikasema wanawake wa ukoo wanaruhusiwa Alhamisi. Nyamai alitafsiri akiangalia chini. Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Mama Mbaluka akampungia mkono na ile shingo.

Lakini maharagwe! Kutoka sufuria yake! Hakuna kitu rahisi kutiliwa dawa kama maharagwe. Heri bata.

Ijumaa, 29 Novemba

Yuko hai. Tumbo limejaa upepo. Nikapiga magoti. Baba Nyamai akasema ni maharagwe, mama, inuka.

Nyamai anasema mezani kila mtu alitaja kitu anachomshukuria Mungu. Bibi alimtaja yeye. Eti tangu mzee wake afe, hakuna kijana aliyecheka katika nyumba ile. Nililia kidogo. Halafu nikakumbuka hata wachawi hulia.

Jumamosi, 21 Desemba

Kifurushi kimefika Emali. Kutoka kwa Bibi Marlene. Sweta nyekundu ya sufu, ameifuma kwa mkono wake, zawadi yangu ya Krismasi. Niliitoa kwa kijiti. Nikaipima bila kuigusa sana. Inanitosha kila mahali. Nani alimpa vipimo vyangu?

Kuichoma siwezi, ni nzuri mno. Nikawaza hadi nikapata. Nimempelekea Mama Mbaluka, nikasema Krismasi njema, imetoka Amerika. Alilia. Akasema miaka yote hii hakujua ninampenda. Akaivaa pale pale, saa sita mchana, jua hili la Kathonzweni. Nimemsihi asiivue mpaka mwaka mpya.

Kila asubuhi nitakuwa namchungulia uani. Leo ametoka jasho jingi, lakini hiyo naona ni joto. Akifika Januari mzima, nitamwambia kulikuwa na makosa, nikaichukue.