Mlio wa Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Ukuu wa masijala kapewa shemeji. Shemeji! Mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kufunga jalada kwa kamba. Miaka kumi na mmoja nimeungoja ukuu ule nikimeza vumbi la makaratasi. Kapewa na chumba cha juu kabisa, chini ya mnara wa saa ya ukumbi wa mji. Mke wangu kaimba jikoni. Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumanne, 5 Machi
Mama mfagiaji kanisimulia habari za saa yetu. Eti ikigonga kumi na tatu, aliye karibu zaidi na kengele hupoteza kiti chake kabla wiki haijaisha. Ndivyo alivyoondoka karani wa ardhi, na kabla yake meya mzima. Upuuzi mtupu. Nimemuuliza mara tatu kama ana hakika.

Jumatano, 6 Machi
Nani yuko karibu na kengele kuliko shemeji? Hakuna! Ufunguo wa mnara hufichwa nyuma ya ndoo ya kudekia. Nyundo nimeazima kwa mama mkwe. Kauliza ya nini. Nikasema kitanda cha bintiye kimelegea. Kasema afadhali nimwite shemeji, yeye ana mikono.

Alhamisi, 7 Machi
Saa sita mchana. Vidato themanini na vinne vya ngazi ya mnara, magoti hoi. Kengele ikagonga kumi na mbili, masikio nusura yapasuke. Ya kumi na tatu nikaipiga mimi, kwa uchungu wa miaka yote kumi na mmoja. Kichwa cha nyundo kikachomoka, kikapita tundu la kamba ya kengele sakafuni, kikatua mezani kwa shemeji chumbani chini. Hakuwepo! Alikuwa masijala akinitafuta. Eti kanipendekeza niwe naibu wake.

Ijumaa, 8 Machi
Barua. Nimeondolewa masijala. Kwa kuwa naipenda sana saa, niwe mtunza saa. Shemeji kaisaini huku machozi yakimlengalenga. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mnarani hakuna hata kiti. Mama mfagiaji kaniuliza: nani alikuwa karibu zaidi na kengele jana? Mwanamke mjuaji sana yule.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu hanisemeshi. Nimelia mnarani, nakiri. Kisha mama mfagiaji, akifagia vidato, kaniambia jingine: saa ikisimama, wa kwanza kuiona imesimama hamalizi mwezi kazini. Shemeji huitazama kila asubuhi akiingia. Na ufunguo sasa ninao mimi! Jumatatu nitamuwahi. Nitaisimamisha mwenyewe, kisha nisiiondolee macho mpaka afike, isije ikatembea tena.