Makopo ya Rhonda Tackett

Jumatatu, 3 Juni
Rhonda Tackett, jirani yangu, kapiga tena risasi makopo ya maharage uani kwake. Kikombe cha kahawa kimeniponyoka. Mke wangu Lurleen kafunga sanduku, kaenda kwa dada yake. Harudi mpaka bunduki inyamaze! Mimi diwani wa Pickett Fork au sanamu? Kesho naleta sheria ndogo: marufuku kufyatua bunduki mjini.

Jumanne, 4 Juni
Goebel, mwanasheria wa mji, kacheka mpaka machozi. Eti hapa Kentucky sheria za bunduki ni za jimbo peke yake. Mji ukizigusa, tunashtakiwa. "Mheshimiwa, kataza nyasi ndefu. Bunduki achana nazo." Sawa. Bunduki sizigusi. Nitagusa makopo!

Jumatano, 5 Juni
Imepita! Marufuku kuweka kopo tupu nje ya nyumba. Neno bunduki halimo popote. Madiwani walikuwa na njaa, hawakuuliza swali. Mimi ni hatari!

Alhamisi, 6 Juni
Rhonda kahamia matikiti maji. Shati langu jeupe sasa jekundu. Halafu mji mzima unaniletea makopo. Wamejaza ukumbi wa nyumba yangu hadi mlangoni. "Umeyakataza wewe, yahifadhi wewe." Nimetokea dirishani. Suruali imechanika.

Ijumaa, 7 Juni
Goebel kagundua. Kasema hii ni sheria ya bunduki iliyovaa kofia, hakimu ataivua mara moja. Nikaifuta mbele ya watu, nikaomba radhi. Rhonda akasimama. "Kumbe ni kelele tu? Si ungeniambia, jirani! Lurleen kanipigia simu leo, nikamwambia nitakuwa nikilenga shabaha shambani kwa kaka yangu." Watu wakampigia makofi. Yeye!

Jumamosi, 8 Juni
Lurleen karudi. Kapika maharage na mkate wa mahindi. Kimya kitamu. Nilimshika mkono, karibu nilie.

Jumapili, 9 Juni
Kimya kimezidi. Sasa nasikia njuga za Rhonda zinazoning'inia barazani, zikilia kila upepo ukivuma. Ting! Ting! Lurleen kasema nitoke nikamwambie, yuko pale pale anamwagilia maua. Rhonda hata kanipungia mkono. Nimefunga pazia. Diwani haombi, diwani anatunga sheria. Njuga hazina kosa. Mkosaji ni upepo. Nimechunguza vizuri: jimbo halijasema neno lolote kuhusu upepo!