Mayai ya Samaki na Presha Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimesoma gazetini: mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi na kukaushwa yana protini tele, vitamini D, na mafuta yanayolinda moyo. Moyo! Wangu umekaa bure tangu mke wangu afariki. Nimenunua kilo nzima. Nimeyala asubuhi, mchana na jioni.

Alhamisi, 6 Juni
Kichwa kinagonga. Nimekwenda zahanati. Muuguzi amenishika mkono, amenipima presha, akaguna. Akauliza nakula nini, nimelalaje. Nimelalaje! Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu msiba. Nikayasifia mayai yangu. Akasema sifa hizo ni za kweli, ila chumvi yake ni balaa kwa mtu wa presha. Niyaache, nirudi kila asubuhi anipime. Kila asubuhi! Nimepitia sokoni kuongeza kilo nyingine.

Jumamosi, 8 Juni
Presha imepanda. Furaha tupu! Lakini fundi saa, mpangaji wa chumba cha pili, naye hupimwa pale. Akishakalia kiti cha kupimia habanduki, anamsimulia muuguzi habari za magoti yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho nazidisha kipande cha mayai.

Jumatatu, 10 Juni
Muuguzi amechoka nami. Anataka nije na mtu wa nyumbani, amweleze chakula changu. Mtu wa nyumbani. Nimekaa kwenye benchi nikifikiri nani. Sikupata hata mmoja. Nikamwomba fundi saa ajifanye mdogo wangu. Akakubali upesi mno. Ana lake jambo!

Jumanne, 11 Juni
Mdogo wangu wa bandia ameelezwa yote na muuguzi, naye ameshika udugu kwelikweli. Mchana kaleta sufuria ya maharage yasiyo na chumvi, na vijiko viwili. Eti akila peke yake chakula hakimpiti kooni. Tumekula, tumecheka hadi nikapaliwa. Siku nzima imepotea hivihivi.

Ijumaa, 14 Juni
Msiba! Presha imeshuka. Muuguzi kanipongeza, eti nirudi mwezi ujao. Mwezi! Mchawi wangu ni yale maharage anayoniletea kila mchana. Nimekata kipande kinene cha mayai, mara hodi. Fundi saa, anaita kaka, kaka, chakula kinapoa. Nimejibanza nyuma ya mlango, nimebana pumzi. Ameita tena na tena, kisha kandambili zake zikaondoka polepole. Nimemshinda! Sasa nakula. Kumetulia mno humu ndani. Kesho, Mungu akipenda, presha itapanda.