Mashine ya Kunusa Vyuma Irudi Misungwi

Dorcas, Mama Teodora,
Luchelele, Mwanza.

Kwa Mzee Shigela,
Mshenga wa ndoa yetu,
Misungwi.

YAH: KUOMBA UJE UMTENGANISHE MUME WANGU NA MASHINE

Mzee wangu, shikamoo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanicheka kabla sijamaliza. Hapa naomba ucheke ukishafika mwisho. Mtoto amelala, kwa hiyo nitasema haraka. Akiamka utaona mwandiko umebadilika.

Wewe ndiye uliyekwenda kwa baba yangu kule Magu kuniposa. Nilikuwa jikoni, nikakusikia ukiwaambia wazee kwamba Josephat ni kijana asiye na mambo mengi: hanywi, hachezi kamari, akitoka kazini anarudi nyumbani. Mzee, hukudanganya. Anarudi nyumbani. Anarudi kuchukua mashine.

Mashine yenyewe ni fimbo ndefu yenye sahani chini, na vya kusikilizia vya kuvaa masikioni. Alipewa na binamu yake wa huko kwenu Misungwi, aliyeitumia kutafuta dhahabu mpaka akachoka. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye chuma inalia tiii. Na ardhi ya mjini isiyo na chuma mimi sijaiona. Malalamiko yangu ni haya.

1. La kwanza linakuhusu wewe mwenyewe, unisamehe. Ulipokuja sikukuu, baada ya chakula ulimsimulia Josephat kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbia vita alizika sanduku la rupia kando ya ziwa, katikati ya mawe mawili makubwa. Ukanawa mikono, ukaaga, ukaenda zako stendi. Mzee, tunakaa Mwanza. Nionyeshe hapa jiwe moja lililokaa peke yake. Josephat ameanza na mawe ya nyuma ya nyumba, anateremka kuelekea ziwani, na kwa mwendo huo atamaliza Teodora akiwa ameshaolewa.

2. Mume wangu anauza misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, mjini. Wiki nzima yuko na misumari mipya inayong'aa, wala haimshtui. Jumapili anapiga magoti mchangani kutafuta mmoja wenye kutu, na akiupata ananiita nije nione. Mpaka sasa ameleta ndoano, mshikio wa sufuria, nusu ya mkasi (nusu nyingine bado anaitafuta) na vizibo vya soda vya kutosha kuezekea banda. Kila akitoa kizibo anakipangusa, anakitia mfukoni, kisha anasema kwa upole kabisa, "Hiki siyo chenyewe. Chenyewe kiko chini yake." Halafu anaendelea kuchimba. Suruali hizo nafua mimi, kwa hiyo uzito wa mifuko naujua.

3. Mashimo. Mama yangu alikuja kumwona mjukuu, akaingiza mguu kwenye shimo la upande wa jikoni akiwa ameshika kuku aliyetuletea. Mama hakuumia. Kuku hatujamwona tena.

4. Hili la kufuli limeniuma. Josephat aliomba kupitisha mashine kwa jirani yetu Mwanabaraka, ikalia mlangoni kabisa. Akachimba, akatoa kufuli kuukuu, limefungwa. Wewe ni mtu mzima, unajua watu wanasemaje wakikuta kufuli lililofungwa limezikwa mlangoni pa mtu. Mtaa mzima ulisimama pale. Kila mmoja akaanza kukumbuka nani aligombana na nani, na Mwanabaraka akanitazama mimi, kwa sababu siku chache nyuma tulishapishana maneno juu ya kamba ya kuanikia nguo. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, uso umenishuka, mume wangu akilipapasa lile kufuli na kusema ni chuma kizuri. Ndipo baba mkwe wa Mwanabaraka alipotoka ndani, akalitazama, akasema, "Hili ni la banda langu la kuku. Lilipotea tulipomwaga kifusi cha moramu." Watu wakacheka, wakaondoka. Mwanabaraka ananisalimia siku hizi, lakini ndoo yake bombani haiweki karibu na yangu.

5. Watoto wa wenzangu wanaanza kusema mama, au baba. Teodora ameanza kusema tiii. Alisema tukiwa tunakula. Baba yake aliacha tonge, akainama kuangalia chini ya meza.

6. Mashine inafutwa kwa kitambaa laini. Mvua ikianza, inaingizwa ndani mashine, halafu nguo, halafu sisi. Jumapili inabebwa begani mpaka ufukweni. Mzee, zamani wa kupelekwa ufukweni Jumapili nilikuwa mimi. Tulikuwa tunakaa juu ya jiwe, tunakula sato wa kukaanga kwa mikono, tunatazama maji, hatutafuti kitu chochote. Sasa nabaki na mtoto mgongoni na nepi kwenye beseni, na nikisikia vicheko vinatoka ziwani nageuka niangalie ukuta. Hili la sita siandiki kwa utani.

Nisiwe mwongo, iko siku moja alipata senti ya zamani, ile yenye tundu katikati. Aliisugua kwa majivu na ndimu, akaitunga uzi, akaifunga kiunoni kwa mtoto. Niliivua, mtoto asije akaitia mdomoni, nikaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Siku hiyo nilifurahi. Sikumwonyesha.

Lakini furaha ya siku moja haifui nepi. Kwa hiyo naomba uje Jumamosi, uichukue mashine, uirudishe Misungwi ilikotoka. Kama Josephat atakataa, basi tufuate taratibu. Itambulike kuwa ni mke mwenza. Na kwa kuwa mimi niliposwa, nayo iposwe: wewe kama mshenga utangulie kiwandani ilikotengenezwa, ukae na wazee wa huko, uwaeleze kwamba kijana wetu hana mambo mengi. Ikishaletwa rasmi tutagawana zamu. Wiki yake itapika uji, itampeleka mtoto kliniki, na itaamka akilia. Ikiweza hayo yote bila kununa, mimi nitarudi Magu kwa moyo mweupe, na ng'ombe wa mahari mliotupa, baba atawarudisha, isipokuwa yule mwekundu, ambaye amemzoea.

Msalimie sana mama hapo nyumbani, wajukuu, na wote wanaoniulizia. Waambie tupo, tunatazama tunapokanyaga.

Ni mimi mkwe wako mtiifu, niliyechoka,
Dorcas.

N.B. Mzee, barua nilikuwa nimeshaifunga, imebidi niifungue. Nilikwenda kuiviringisha mashine kwenye kanga ili uikute tayari. Nikasema kwanza nihakikishe imezimwa. Nikabonyeza, kumbe ndiyo nimeiwasha. Ikalia pale pale mlangoni pa jikoni, tena siyo kile kilio cha kizibo. Nikaenda kuichukua ile senti msumarini, nikaipitisha chini ya sahani nilinganishe. Sauti ni ileile. Nikachukua jembe. Nimepata kizibo cha soda. Lakini Mzee, kizibo hakiwezi kulia vile. Hiki siyo chenyewe.

Josephat aliporudi kutoka kazini alinikuta nimepiga magoti. Alimfungua mtoto mgongoni kwangu, akambeba yeye kwa ile kanga ya mashine, akachuchumaa, akasema, "Mama Teodora, chimba kwa pembeni, usije ukakikata." Jumapili tunakwenda ufukweni wote: yeye na mtoto, mimi na mashine, na sato nimeshamwagiza Mwanabaraka, maana naye anataka kuja.

Basi Jumamosi usije kuichukua. Njoo tu kutusalimia, na uwe umekumbuka vizuri yale mawe mawili yako upande gani. Ila ukifika pitia mlango wa mbele. Upande wa jikoni mashimo yameongezeka, na yale mapya siyo ya Josephat.