Nguzo Iliyouma Msumeno

Jumatatu, 4 Machi

Theluji tena. Juu ya paa la ukumbi imefika kiunoni. Miti imeanza kutoa utomvu wa kuchemshia shira, mke wangu Ghislaine yuko msituni na ndoo zake tangu asubuhi, mimi nimebaki nyumbani kufikiri. Kufikiri ndiyo kazi yangu hapa. Yeye huiita kwa jina jingine.

Habari mbaya. Shemeji Fernand, kaka wa Ghislaine, jirani wa ng'ambo ya barabara, amemaliza ukumbi mpya wa kulia shira. Hauna nguzo hata moja katikati! Watu watacheza kutoka ukuta hadi ukuta. Na wazee wa parokia, ambao karamu yao ya shira hufanyika kwangu tangu enzi za babu, wameanza kuchungulia ng'ambo. Bi Yvette, mwenyekiti wao, atapita Ijumaa kukagua kumbi zote mbili, aamue karamu ya Jumapili iwe wapi. Wakienda kwa Fernand, kijiji kizima kitawafuata. Tutabaki mimi, Ghislaine na sufuria la maharage.

Mwaka jana Bi Yvette alijigonga nyonga kwenye nguzo yangu akicheza. Basi nguzo iondoke. Nimemdokezea Ghislaine wakati wa supu ya njegere. Kasema babu hakuiweka pale iwe pambo, na nikiigusa nitalala kwenye banda la kuchemshia. Kwaresima hii nimeacha tumbaku. Hila sikuahidi kuziacha.

Jumanne, 5 Machi

Maude kaja kumsalimu shangazi yake. Binti wa Fernand huyu, anasomea uhandisi mjini, sasa yuko likizo. Nimemkalisha ukumbini na chapati za shira, nikamwuliza kijanjajanja: eti nina rafiki, ana ukumbi, una nguzo katikati, akiitoa itakuwaje?

Akachukua sponji ya kuoshea vyombo. Akaichora mistari iliyosimama ubavuni, akailaza juu ya vikombe viwili, akaibonyeza katikati kwa kidole. Lo! Mistari ikasogeana juu na kuachana chini. Kasema juu panabanwa, chini panavutwa, na katikati ya unene wake kuna mstari usiobanwa wala kuvutwa. Kila boriti iko hivyo, hata hii iliyo juu ya vichwa vyetu, mchana na usiku, bila kutoa sauti.

Nikatazama juu. Miaka yote nimekula chini ya lile gogo nikidhani limelala tu. Kumbe tumboni mwake kuna vuta nikuvute! Chapati ilinipoa mkononi.

Halafu akaweka kikombe cha tatu katikati, akabonyeza kila upande. Sponji ikatuna juu ya kikombe. Pale penye nguzo mambo ni kinyume, kasema: juu ndipo panapovutwa, chini panabanwa. Ondoa nguzo, yote yanageuka, na nguvu ya kuipinda inakuwa mara nne. Kisha akaangalia boriti yangu, pale babu alipotoboa tundu kwa chini kuingiza kichwa cha nguzo. Leo tundu hilo linabanwa tu, halina neno. Nguzo ikitoka, hapo ndipo patakapovutwa kuliko pote.

"Mjomba," akasema, "huyo rafiki yako asiiguse hiyo nguzo."

Mtoto ana akili mno. Ila ni binti wa Fernand. Na mimi nimeshika jambo moja zuri: ndani ya boriti kuna sehemu haifanyi kazi yoyote. Mvivu huyo! Apewe kazi, nguzo ipumzike.

Jumatano, 6 Machi

Ghislaine msituni. Nimechukua msumeno mrefu, nikaanza kuikata nguzo usawa wa goti. Hila yenyewe ni safi: nguzo ya kuondoka. Wakati wa kula ipo, wakati wa kucheza haipo. Fernand hana kitu kama hicho.

Nimekata robo, nusu, robo tatu. Msumeno ukagoma. Nikavuta. Nikasukuma. Nikakanyagia nguzo mguu, nikavuta tena. Wapi! Nguzo imeuuma. Paa lote, na theluji yake yote, limekaa juu ya msumeno wangu.

Nikaweka kiganja kwenye nguzo. Imetulia kabisa. Mzigo wote ule unapita ndani yake kuelekea ardhini, na nje huoni kitu. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu.

Ghislaine karudi, kauliza kwa nini kitambaa cha meza kimetundikwa kwenye nguzo. Nimesema kinakauka. Kauliza kwa nini kimesimama kama kina mkono ndani. Nimesema kimeganda kwa baridi.

Alhamisi, 7 Machi

Ya leo lazima niyaandike.

Ghislaine alikuwa jikoni anapika maharage. Jikoni kuna mlango mmoja tu, unaofungukia ukumbini, na dirisha lake limezikwa na theluji. Nikaleta jeki ya pikapu, nikaisimamisha juu ya kisiki kando ya nguzo, nikaweka gogo juu yake. Nikainua boriti kidogo. Msumeno ukatoka wenyewe. Nikamalizia kukata, nikaangusha nguzo polepole, ikalalia chupa za achari ya bitiruti. Sakafu ikawa nyekundu kama machinjioni.

Nilikuwa nimevuta uzi ubavuni mwa boriti kutoka ukuta hadi ukuta, na kupiga alama ya chaki katikati. Nikaanza kushusha jeki. Chaki ikashuka chini ya uzi. Kidole. Vidole viwili. Boriti ya babu inapinda mbele ya macho yangu! Yote aliyosema yule binti, juu kubanwa, chini kuvutwa, yakawa yanatendeka kwenye mti mzima, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Nilisahau kuogopa. Nikashusha tena kidogo, nione zaidi.

Ikalia, mlio mdogo tu, kama karanga ikibanjwa. Ufa mwembamba ukaanzia kwenye lile tundu la babu, pale pale Maude alipoonyesha.

Kisha nikasikia kitasa cha jikoni kikizungushwa. Mlango haufunguki. Dari lilikuwa limeshuka, limeubana. Akasukuma kwa bega. Haukufunguka.

"Rosaire," akasema kutoka ndani, sauti ya chini kabisa, "umeigusa nguzo."

Nikasema hapana.

"Basi toka nje. Mimi siwezi. Wewe toka."

Ee Mungu wangu. Paa liko juu yangu na juu yake, na anayenitaka nitoke ni yeye. Sijawahi kuogopa vile. Nikarudi kwenye jeki. Mpini uliniteleza, nikaukamata, nikapampu huku nalia kama mtoto. Chaki ikapanda. Kidole kimoja. Ikagusa uzi. Mlango ukaachia, Ghislaine akatoka na mwiko mkononi. Akatazama nguzo sakafuni, akanitazama mimi. Akanivuta nje kwa sikio, akaenda kumpigia simu Maude.

Maude kaja mbio, na Fernand nyuma yake. Nilingoja Fernand acheke. Hakucheka. Alikuwa amepauka yeye mwenyewe, akimtazama dada yake. Wakarudisha nguzo mahali pake, wakagongea kabari za mwaloni pale nilipokata, kisha ndipo wakashusha jeki. Ule ufa ukajifunga! Nimeuona kwa macho haya mawili. Maude kasema ni kwa sababu chini panabanwa tena. Akaufuata kwa kidole, hauonekani hata kwa tochi. Hata hivyo Fernand akaleta mbao mbili nene kutoka kwake, wakazifunga kwa bolti pande zote mbili za boriti.

Halafu beleshi. Tumetoa theluji yote juu ya paa, mimi upande mmoja, Fernand mwingine, Maude akituamuru chini tutoe sawasawa. Nilipoingia ndani, alama ya chaki ilikuwa imepita juu ya uzi, unywele mmoja. Mti umeshushiwa mzigo, umenyooka. Nimekaa chini na kuutazama mpaka Ghislaine akanipa beseni nioshe achari.

Kitanda changu kiko kwenye banda la kuchemshia. Kuna joto, si pabaya.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Yvette kaja. Kwangu kaja mwisho, ishara mbaya. Katembea hadi kwenye nguzo, kaona kabari, kaona alama ya msumeno. Nikamweleza kwamba nilijaribu kuiondoa kwa ajili ya nyonga yake.

Kaniangalia kama mtu aliyetiwa chumvi kwenye chai. Kasema ukumbi wa Fernand ni mzuri, lakini wazee wakizungushwa na fidla, vichwa vikawazunguka, watashika nini mle ndani? Hewa?

"Mwaka jana sikujigonga," akasema. "Niliikumbatia. Bila hiyo ningeanguka."

Jumapili wanakuja kwangu. Nilitaka kushangilia, lakini Ghislaine alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jumapili, 10 Machi

Wamejaa! Mayai, maharage, nyama ya nguruwe, shira ya moto ikimwagwa juu ya theluji igande, kisha ikizungushwa kwenye vijiti. Fidla ikaanza. Wazee wakacheza, na kila aliyepepesuka akaishika nguzo, akapumua, akarudi ulingoni. Nilipanda kwenye benchi, nikaweka kiganja kwenye boriti. Inatetemeka kwa kila kishindo, kidogo sana, kisha inatulia. Kishindo, inatulia. Watu wote wale, hakuna aliyejua. Machozi yalinitoka. Ghislaine akaja, akapanda benchi, akaweka kiganja chake karibu na changu. Leo nimeruhusiwa kurudi ndani.

Nimejifunza sana wiki hii. Nguzo za ndani haziguswi kamwe, hilo nimeapa mbele ya mke wangu. Lakini Fernand, wakati wa kuagana, ameropoka kwamba kiangazi hiki atajenga baraza nyuma ya ukumbi wake. Lenye nguzo! Sasa fikiria baraza langu mimi, linalotokeza juu ya kijito, limeshikwa upande wa ukuta tu, chini yake maji matupu. Hilo ni la nje, kiapo hakilihusu. Juu patavutwa, chini patabanwa, nimeelewa kila kitu.

Ghislaine ameficha msumeno. Kesho nitaazima wa Fernand.